Upinde Usiolala

Wewe unayesoma, hasa wewe uliyeajiriwa juzi kwenye kambi ya uwindaji na ukakabidhiwa upinde wa mgeni, kaa karibu unisikilize. Nitasema polepole. Kazi hii haielezwi kwa haraka, na mimi niliwahi kuieleza kwa haraka mara moja. Usiogope maneno ya ufundi, nitafafanua kila moja tutakapolifikia. Jambo likikupita, rudia aya. Hakuna anayekucheka.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda mjini, wakati Mpanda ikiwa bado wilaya ndani ya Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa nimetoka Kasekese, fundi baiskeli mwenye jina dogo la kijijini. Kampuni moja ya uwindaji wa kitalii ilikuwa na ghala na karakana upande wa stesheni ya reli, na ilitafuta mtu mwenye vidole vya utulivu. Msimamizi wa Karakana alikuwa mzee mfupi aliyemaliza ujana wake kwenye karakana za reli. Hakuniuliza vyeti. Alifungua sanduku, akatoa kitu cheusi chenye magurudumu mawili na nyaya, akakiweka mezani, akaniuliza ni nini.

Nikamwambia ni upinde, ila umeharibiwa na mtu aliyetaka kuugeuza baiskeli. Akacheka kidogo. Mimi nikajiona nimeshapata kazi, nikaunyanyua na kuivuta kamba ili nionyeshe nguvu. Ilikuwa ngumu, halafu ghafla ikawa nyepesi mkononi kama imekubali. Nilitaka kuiachia nisikie mlio wake. Msimamizi alinidaka kifundo cha mkono, akanishikilia hivyo hivyo.

"Usiachie," alisema kwa sauti ya chini. "Irudishe kama unavyomrudisha mtoto kitandani. Ukiachia hapo, kazi yako imeanza na kuisha leo."

Niliirudisha, jasho likinitoka. Ndipo akanifundisha jambo la kwanza, nami nakupa vilevile. Upinde wa kapi una sehemu ya kati ya chuma unayoishika, tunaiita mshikio. Juu na chini ya mshikio kuna vipande viwili bapa vinavyopinda. Hivyo ndivyo mikono. Kwenye ncha za mikono kuna kapi, yale magurudumu. Unapovuta kamba, kapi zinazunguka, waya zinaibana mikono, na nguvu yako yote inahifadhiwa ndani ya mikono ile. Ukiachia ukiwa na mshale, mshale unaondoka na nguvu. Ukiachia bila mshale, nguvu haina pa kwenda, inarudi ndani ya mikono na kuipasua. Hilo tunaliita kufyatua mtupu. Mpasuko mwingine unauona papo hapo, mwingine unajificha, unakungoja wiki mbili.

Mikono yenyewe si mti. Ni nyuzi za kioo zilizolazwa pamoja na kugandishwa kwa gundi. Kwa hiyo adui zake si adui za mti. Mchwa haili. Bali joto linalegeza gundi, na mkwaruzo mdogo wa pembeni unakuwa mwanzo wa ufa. Msimamizi alikuwa na kipande cha pamba mfukoni. Kila upinde ulioingia karakana aliupitishia pamba ile juu ya mikono, ubapa na pembeni, polepole. Pamba ikinasa mahali, hata kama jicho halioni kitu, upinde ule haupigwi tena hadi mkono ubadilishwe. Alipenda kusema kwamba jicho linadanganywa na rangi, pamba haijui rangi.

Kubadilisha kamba au waya ndiyo kazi iliyovunja mikono mingi kuliko zote. Lazima kwanza mikono ibanwe ili kamba ilegee, na kwa hilo tulikuwa na jeki ya kubania aliyoiunda Msimamizi mwenyewe kwa vyuma chakavu. Midomo yake tuliifunika kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili isikwaruze. Unabana pale tu kitabu cha mtengenezaji kinapoonyesha, si pale unapoona panafaa, kwa sababu mkono ukibanwa katikati wakati umeundwa kubanwa nchani unapinda kwa namna ambayo haukuzaliwa nayo. Unakaza kidogo kidogo juu na chini kwa pamoja, na kamba ikishalegea kiasi cha kutolewa, unaacha hapo hapo. Kwa kuwa nilizoea kunyoosha ringi za baiskeli, nilielewa upesi: ukikaza upande mmoja bila mwenzake, gurudumu linacheza.

Jambo hilohilo liko kwenye bolti. Kila mkono umeshikwa kwenye mshikio kwa bolti moja nene. Ukiikaza, upinde unakuwa mgumu kuvuta; ukiilegeza, unakuwa mwepesi. Mgeni mwingine alikuja na upinde wa ratili sabini wakati kifua chake ni cha ratili hamsini, nasi tukaulegeza. Unalegeza juu na chini idadi ileile ya mizunguko, unaiandika kwa chaki, na huvuki idadi iliyoruhusiwa kitabuni. Ukivuka, bolti inabaki imeshika kwa nyuzi mbili tatu tu, ile mikato inayozunguka mwili wake. Kwa macho upinde ni mzima. Kwa kweli ni mtego.

Hayo nilijifunza kwa miezi mingi, kabla Msimamizi hajanikubalia kwenda porini.

Kituo changu cha kwanza porini kilikuwa ng'ambo ya Sibwesa. Pale nilimkuta Mwindaji Bingwa, ndiye mwenye leseni ya kuongoza wageni, mtu mrefu asiyependa maneno. Huko nilijifunza habari ya joto. Mbung'o walikuwa wengi kiasi kwamba madereva walifunga vioo vya gari hata wakiegesha, na siku moja upinde ukaachwa ndani ya gari lililofungwa hivyo kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Ulipotoka, mkono wa chini ulikuwa umeanza kufumuka pembeni kama soli ya kiatu. Mwindaji Bingwa aliniambia kwamba mbung'o akiniuma nitapona, lakini mkono ule hautapona. Tangu hapo upinde ulisafiri umefunikwa blanketi, chini ya kiti, na ukifika ulishushwa kabla ya mgeni.

Pia nilijifunza kukagua mishale. Nyuma ya mshale kuna kidude cha plastiki chenye mpasuko, kinachouma kamba. Kikiwa na ufa kinavunjika wakati wa kuachia, kamba inaruka peke yake, na hapo umefyatua mtupu ingawa mshale ulikuwepo. Mshale mwepesi kupita kiasi nao una madhara ya aina hiyo. Kwa hiyo usiangalie upinde ukasahau mshale.

Msimu wa tatu nilihamishiwa kambi ya kusini, kwenye tambarare zinazoshuka kuelekea Ziwa Rukwa, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka Kasansa. Meneja wa Kambi alikuwa mtu wa orodha. Kila kitu kilikuwa na jina la mtu mmoja mbele yake: jiko, jenereta, ngozi, risasi. Mbele ya neno pinde aliandika jina langu, Festo.

Katika kambi hiyo ndipo nilipokutana na Mzee Severini. Alikuwa Mpimbwe wa Kasansa, mfuatiliaji nyayo, yule anayetembea mbele ya bunduki akisoma ardhi. Ningeweza kukuambia mengi juu ya macho yake. Aliweza kuona unyasi ulioinamishwa na nyati jana na kuutofautisha na uliolala leo. Wageni walirudi kwa sababu yake, na Mwindaji Bingwa wa kambi ile hakukubali kutoka bila yeye. Alisomesha watoto wawili sekondari kwa macho yale.

Mzee Severini alikuwa pia mtu wa pinde. Nyumbani kwake alichonga za miti, na alikuja mara kwa mara kwenye hema langu la karakana kutazama za wageni. Alinitania sana. Alisema fundi mzima nahitaji spana kufanya jambo ambalo babu yake alilifanya kwa goti. Nami nikamjibu kuwa goti la babu yake lingevunjika, akajibu kwamba basi hata mgeni hana goti, ndiyo maana amefunga magurudumu.

Jambo moja lilimkera. Upinde wa kwao ukirudi kutoka porini unafunguliwa kamba ili upumzike. Upinde unaolala na kamba yake unachoka, unashika umbo la kuinama, na asubuhi hauna nguvu. Kwa wazee wake lilikuwa pia suala la heshima. Mtu anayelaza upinde umefungwa ni sawa na anayemlaza ng'ombe na nira shingoni. Sasa aliuona upinde wa mgeni ukining'inia siku kumi, kamba imekaza.

"Huyu hajalala tangu aje," aliniambia. "Mwanangu, mbona unamtesa?"

"Huu haulali, Mzee," nikamjibu. "Ni wa kizungu."

Nilikuwa nafunga sanduku, sikunyanyua hata kichwa. Nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Ningekuwa nimemweleza pale, nisingekuwa na haja ya kukuandikia wewe. Yeye alikuwa ameniona zaidi ya mara moja nikizungusha zile bolti na upinde ukilegea. Kwa akili yake nzuri alishaelewa ni wapi upinde wa kizungu unafunguliwa ili upumzike. Alichokosa ni nusu ya pili ya maelezo, nayo nilikuwa nayo mimi.

Wiki iliyofuata waya za akiba ziliisha, nikalazimika kwenda Mpanda na gari la mahitaji, kuondoka asubuhi na kurudi kesho yake mchana. Mgeni aliyekuwepo hakuwa akitumia upinde siku hiyo, alitoka na bunduki ya kukodi. Mzee Severini alikuwa na mapumziko, mguu ulimuuma. Nikamwomba akae kwenye hema langu. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikiwa nimeshika mlango wa gari nikamwambia maneno haya, ninayakumbuka yote:

"Mzee, nakuachia upinde wa mgeni. Utunze kama wako."

Akautunza kama wake. Jua liliposhuka alichukua spana yangu, akalegeza bolti ya juu na ya chini hadi kamba ikaanguka laini, akaufunika kwa shuka lake. Asubuhi akazirudisha. Hakuhesabu mizunguko, kwa sababu upinde wa kwao hauhesabiwi, unasikilizwa. Ukishaufunga kamba unaigonga kwa kidole, ikiimba unajua imefika. Aligonga kamba ya upinde wa kapi, nayo ikaimba. Lakini kamba ile inaimba mapema mno, bolti zikiwa bado hazijashika hata nusu. Aliridhika, akaurudisha kwenye ndoano yake.

Saa saba mchana mgeni alitaka kujaribu mishale kabla ya kutoka. Alimwita Mzee Severini asimame kando yake kutazama mshale unapoangukia, maana alijua macho yale. Mgeni alivuta. Kabla hajafika mwisho, bolti ya juu ilichomoka na nyuzi zake, mkono wa juu ukaruka nje ya kitako chake kwenye mshikio pamoja na kapi. Mgeni alichanika kidevu. Waya ilimpiga Mzee Severini kwenye jicho la kulia.

Nilifika kabla ya saa nane. Niliona gari la kambi limewashwa, milango wazi, na Mzee amelazwa kiti cha nyuma, kitambaa cha jikoni kimefungwa usoni. Meneja wa Kambi alikuwa amesimama na daftari lake. Alikuwa ameshauona upinde.

Aliuliza nani aliugusa. Mzee akajibu kutoka ndani ya gari, bila kunyanyuka.

"Mimi. Niliupumzisha."

Meneja akanigeukia. "Fundi, ulimruhusu?"

Hapa naomba usinitafutie visingizio, nimeshavitafuta vyote. Nilikuwa na mke Kasekese na mtoto wa miezi minne. Jina langu lilikuwa mbele ya neno pinde. Nilijua kwamba nikisema nilimkabidhi, mimi ndiye nitakayeshuka na gari lile na sitarudi. Nikajibu:

"Nilimwachia hema. Nilimwambia upinde asiguse."

Mzee Severini aligeuza uso, akanitazama kwa jicho lililobaki. Sikuona hasira. Alinitazama vile alivyozoea kutazama unyayo asioujua. Kisha akafumba lile jicho, na dereva akaondoka. Meneja aliandika jibu langu kama nilivyolisema.

Hospitali walifanya walichoweza, jicho halikuwa la kuokoa. Mzee alipotoka alipelekwa moja kwa moja Kasansa, na jina lake likakatwa kwenye orodha kama mtu aliyegusa mali ya mgeni kinyume cha amri. Kila kambi iliyomwulizia baadaye ilipewa jibu hilo. Mimi nilibaki. Msimamizi wa Karakana alipostaafu, nikapewa kiti chake Mpanda, na jeki ya kubania, na hata kile kipande cha pamba. Watu walinisifu kwa uangalifu wangu. Ni kweli nilikuwa mwangalifu. Niliwaeleza wafanyakazi wapya kila kitu mara tatu tatu, wakadhani ni ukarimu.

Ilinichukua misimu miwili kwenda Kasansa. Nilimkuta Mzee Severini kwenye mpunga wake, anafukuza ndege kwa kupiga debe. Alinikaribisha vizuri, kama anavyokaribishwa mgeni wa mbali. Mke wake akaleta chai. Nilianza kusema kwamba nimekuja kukiri nilichomwambia Meneja siku ile, akanikatisha.

"Najua ulichosema. Lilipotea jicho, masikio yapo."

Ndege walirudi, akapiga debe, wakaruka.

"Hilo tuliache," akasema. "Kuna jambo linaninyima raha kuliko hilo. Nieleze, ule upinde kwa nini haulali."

Nikamweleza. Nilimwambia upinde wa mti unachoka kwa sababu mti ulikuwa hai na bado unakumbuka kuinama. Ukiinamishwa siku nyingi unazoea. Ule wa mgeni ni kioo na gundi, haukuwahi kuwa hai, haukumbuki kitu, na umeundwa ukae umebanwa tangu siku ya kwanza. Nikamwambia bolti si kamba. Kamba ya upinde wa mti ukiifungua, mti unabaki salama peke yake. Bolti ukiifungua, umefungua kile kinachoushika mkono usimrukie mtu. Ndiyo maana tunahesabu, hatusikilizi, kwa kuwa kamba ile inaimba hata ikiwa hatarini.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Akarudia kwa maneno yake, bila kukosea hata moja. Kisha akashika kikombe.

"Ni maneno hayo tu?" akauliza. "Chai yangu haijapoa."

Nilimwahidi nitakwenda kusema ukweli kampuni, na nilikwenda. Meneja wa Kambi yule alikuwa ameshaondoka nchini. Aliyekuwepo alinisikiliza, akaandika, akaniuliza sasa nataka afanye nini, kwani mfuatiliaji mwenye jicho moja hawezi kuajiriwa hata kosa likifutwa. Jina likafutiwa kosa. Nilirudi Kasansa kumpa habari. Akashukuru. Nilipoaga, hakunisindikiza. Nyie mliolelewa huku mnajua mtu wa Kasansa humsindikiza mgeni hata kama ni adui, walau hadi mwisho wa shamba. Yeye alibaki ameketi, akaendelea na debe lake.

Nimestaafu sasa. Mikono imeanza kutetemeka, siwezi tena kuhesabu mizunguko ya bolti bila kukosea, na hilo halinisikitishi sana. Vijana wananiuliza siri ya kutovunja mikono ya upinde, nami nawaambia yote niliyokuandikia hapa: usifyatue mtupu, pitisha pamba, kagua mishale, ogopa joto, bana mahali pake, hesabu. Wanaandika kwenye madaftari yao. Unaweza kuyashika yote kwa wiki moja, nina hakika na wewe.

Lakini yapo madhara ambayo hayaanzii kwenye gundi wala kwenye nyuzi za bolti. Mzee Severini hakuwa mzembe. Alikuwa fundi wa pinde kuliko mimi, na alifanya kwa uangalifu kabisa kile ambacho ufundi wake ulimfundisha. Mtu wa aina hiyo ukimpa amri bila sababu, atajaza sababu yake mwenyewe, na itakuwa sababu nzuri, ya upinde mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Unapomwachia mtu upinde, hata kwa saa moja, zima haraka zako, mwonyeshe bolti kwa kidole, mwambie kwa nini haziguswi, kisha mwombe akurudishie sababu hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, usiondoke. Mweleze tena.